Picha Zinapogoma

Kuna hitilafu ya kompyuta ambayo mafundi wengi huidharau na wenye mashine huiogopa kupita kiasi. Mashine inawaka vizuri, inafungua barua, inachapa, lakini zile picha ndogo za kwenye eneokazi, yaani aikoni, zimeharibika: nyingine zimegeuka karatasi nyeupe, nyingine zimevaa sura ya programu isiyokuwa yake, nyingine zimebaki miraba myeusi. Ukizima na kuwasha, zinarudi vilevile. Ukifuta aikoni na kuitengeneza upya, inazaliwa na kasoro ileile. Katika duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi, kama yale yanayohudumia wakazi wa Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, hitilafu ya namna hii hupata kwa urahisi moja kati ya hukumu mbili: mashine ipigwe Windows upya, au iwekwe pembeni ikisubiri kuuzwa kwa vipande. Naamini hukumu zote mbili kwa kawaida hutolewa mapema mno. Tunachokiona kwenye kioo cha kompyuta ni nakala iliyotunzwa mahali, na nakala hiyo ikichakaa, asili yake mara nyingi huwa bado nzima. Fundi anayeanza matibabu kwa kufuta kila kitu anaharibu kilicho kizima ili kukitafuta kilicho kibovu.

Tuanze na jambo ambalo halisemwi vya kutosha: faili haina sura. Ndani ya diski, barua ya maombi ya kazi na wimbo wa harusi vyote ni mfululizo wa tarakimu, wala hakuna picha iliyobandikwa juu yake. Windows inapotaka kuonyesha faili hutazama herufi za mwisho za jina lake, zile zinazofuata nukta, kisha huingia katika sajili yake ya ndani na kuuliza: faili za aina hii ni za programu ipi, na picha yake imo katika faili gani, ikiwa ya ngapi? Jibu linalorudi ni anwani na namba. Kwa njia ya mkato huongezeka hatua nyingine, kwa kuwa njia ya mkato ni faili ndogo inayobeba anwani ya kitu kilichopo kwingine, na pengine anwani ya picha pia. Kuyarudia haya yote kila eneokazi linapochorwa kungeichosha mashine, hasa zile za miaka ya tisini. Kwa hiyo Windows huichukua picha mara moja, huitia katika hifadhi ya muda, na tangu hapo huchota humo. Katika Windows 95 hifadhi hiyo ilikuwa faili iliyofichwa kwa jina la ShellIconCache. Katika Windows 7 ni IconCache.db, ndani ya folda ya mtumiaji. Tangu Windows 8 imegawanywa katika mafaili kadhaa, kila moja kwa ukubwa wake wa picha. Wala Microsoft haiko peke yake katika hili. Wenye Macintosh za zamani walijua kushikilia vitufe viwili wakati mashine inawaka, ili ijenge upya kumbukumbu ya eneokazi pale picha zilipogeuka karatasi tupu, na katika Linux nako ziko hifadhi za aikoni pamoja na amri ya kuzijenga upya. Mifumo iliyobuniwa na washindani ilifikia suluhisho moja na kurithi ugonjwa mmoja. Kibao cha duka kikifutika rangi, bidhaa za rafuni hazijaguswa.

Kutokana na mpangilio huo, picha inaweza kupotea kwa sababu anwani imekufa, au kwa sababu nakala imeoza. Anwani hufa pale programu inapoondolewa au kuhamishiwa folda nyingine, au pale njia ya mkato ilipotengenezwa kuelekea kwenye flashi ambayo leo Windows imeipa herufi tofauti na ya jana. Hapo kusafisha hifadhi hakusaidii kitu. Mashine itakwenda tena kuuliza kwenye anwani ileile na kurudi mikono mitupu. Nakala iliyooza ni habari nyingine, na hapo ndipo mazingira ambamo mashine inafanya kazi yanapoingia katika hoja. Hadi Windows 7, toleo ambalo bado halijatoweka katika maduka na ofisi ndogo, picha zilizokusanywa mchana kutwa zilikuwa zikikaa katika kumbukumbu ya kazi, kisha kuandikwa kwenye diski mashine inapofungwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla, utaratibu huo haufanyiki, au unakatizwa katikati ya uandishi. Burundi ni nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya kumi amefikiwa na umeme, na hata waliounganishwa na REGIDESO, shirika la umma la maji na umeme, wameuzoea mgao. Kompyuta ya mkononi ina betri ya kuibeba hadi ifungwe vizuri. Kompyuta ya mezani haina. Uhai wake uko ukutani, na kile kifaa cha akiba ya umeme kinachopaswa kuisitiri mara nyingi hakipo kabisa, au kipo na betri yake imeshakufa. Fundi aliyesoma mwongozo ulioandikiwa mji usiokosa umeme hataiona sababu hii, kwa kuwa mwongozo hauitaji. Atailaumu Windows, ataibadilisha, na wiki chache baadaye umeme utakatika tena kama ulivyokatika mwanzo.

Mpinzani wa kwanza atasema kwamba picha hizi ni pambo tu. Jina la faili bado limeandikwa chini ya picha. Mtumiaji asome jina, abofye, aendelee na kazi. Pingamizi hili lina nguvu kwa mtu ambaye kompyuta inazungumza lugha yake. Wabunifu wa Xerox, waliotoa kompyuta ya Star mwaka 1981, walijenga eneokazi la picha kwa sababu mtu hutambua kwa wepesi kuliko anavyokumbuka, na Susan Kare alipochora aikoni za Macintosh iliyotoka mwaka 1984, akiwa na nafasi ya nukta 32 kwa 32, alikuwa akitafuta alama ambayo mgeni ataielewa bila kufundishwa. Hao walikuwa wakiwarahisishia watu ambao hata hivyo wangeweza kusoma menyu. Bujumbura hali ni tofauti. Kirundi ndiyo lugha ya taifa, Kifaransa ni lugha ya ofisi tangu enzi za Wabelgiji, sheria ya mwaka 2014 ikaongeza Kiingereza, na Kiswahili ni lugha ya soko, ya gereji, ya mtaa wa Buyenzi na ya wasafiri wa ziwa. Mashine inayowekwa mezani, hata hivyo, huzungumza Kifaransa au Kiingereza kulingana na ilikotoka, Ulaya au Dubai. Juhudi za kuifundisha Kiswahili zimekuwepo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na Microsoft baadaye ikatoa menyu za Kiswahili kwa Windows na Office. Lakini mashine ya mitumba haiji na tafsiri hizo, na anayeinunua hajui kwamba zipo. Basi mtu aliyesoma Kirundi na anayefanya biashara kwa Kiswahili huishi na kompyuta kwa kuzijua sura zake. Herufi ile ya buluu ni ya kuandikia, jedwali lile la kijani ni la hesabu, folda ile ya manjano ni ya wateja. Zikifutika sura hizo, anabaki mbele ya majina ambayo hayakuwahi kuwa njia yake ya kuingilia. Sioni haki ya kuliita pambo jambo ambalo likiondoka kazi inasimama.

Mpinzani wa pili ana hoja nzito zaidi, na kwake lazima nikae kidogo. Atasema: picha mbaya inaweza kuwa dalili ya jambo kubwa, na anayeshughulika na picha ataliacha jambo lenyewe liendelee kutafuna. Ni kweli, na mfano bora umeandikwa katika historia ya kompyuta. Juni 2010, kampuni ya VirusBlokAda ya Belarusi ilibaini kirusi ambacho baadaye kiliitwa Stuxnet. Kilisafiri kwa flashi, na hakikusubiri mtu abofye chochote. Ilitosha kuifungua flashi ili Windows ijaribu kuchora aikoni za njia za mkato zilizomo. Katika kuitafuta picha, mashine ikajikuta inaendesha maagizo ya kirusi. Kabla ya kutoa kiraka tarehe 2 Agosti mwaka huo, Microsoft iliwashauri wenye hofu wazime kabisa uchoraji wa aikoni za njia za mkato. Waliotii walibaki na eneokazi lililojaa karatasi nyeupe, na wakawa salama zaidi kuliko wale ambao picha zao ziling'aa. Kisa hicho kinaunga mkono sehemu ya pingamizi, kwamba kuchora picha ni kitendo chenye athari, kinachoweza kubeba madhara. Lakini kinaiangusha sehemu yake nyingine. Kama karatasi nyeupe inaweza kuwa alama ya ugonjwa kwenye mashine moja na alama ya kinga kwenye mashine nyingine, basi kuitazama tu hakutoshi kumfanya mtu atoe hukumu ya kufuta diski nzima.

Na kuna kirusi kingine, kisicho na sifa za kimataifa, ambacho maduka mengi ya kuchapa Afrika Mashariki yamekutana nacho. Mteja analeta flashi, anaifungua, na folda zake zote zimegeuka njia za mkato. Au folda inaonekana folda, kumbe ni programu iliyovaa picha ya folda, na kwa kuwa Windows kwa kawaida huficha herufi zinazotaja aina ya faili, jicho haliwezi kuligundua hilo. Mwenye flashi huamini kazi zake zimeliwa. Fundi mwenye haraka humwambia flashi imekufa, anaipiga formati, na kwa tendo hilo ndipo kazi zinapoliwa kweli. Kwa kawaida kirusi hicho hakijafuta chochote: kimeziwekea folda halisi alama ya kufichwa, kisha kikaweka za bandia mbele yake. Baada ya kukisafisha kirusi, amri fupi ya attrib, iliyokuwemo tangu zama za DOS, huziondoa alama hizo na folda zikarejea na vyote vilivyomo. Tasnifu ya mwanafunzi, barua za kuombea kazi, picha za msibani, vyote vilikuwepo wakati wote huo, nyuma ya sura ya uongo. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika habari ya aikoni, na ndilo linalonifanya niliandikie kwa kirefu jambo ambalo wengine wangelimaliza kwa mistari mitatu.

Swali basi ni la mpangilio: kipi kichunguzwe kabla ya kipi? Kanuni ninayoitetea ni kwamba jaribio lisilobadilisha chochote litangulie lile linalobadilisha kidogo, na hilo litangulie lile linalofuta. Kwanza ni kuuliza kasoro ilianza lini na baada ya nini, kwa sababu jibu la "tangu umeme ulipokatika" na jibu la "tangu tulipoiondoa ile programu" humpeleka mtu kwenye njia mbili tofauti. Pili ni kubadilisha ukubwa wa picha, kwa kushika kitufe cha Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya. Jaribio hili dogo lina maana kubwa kwenye matoleo mapya, maana kila ukubwa una faili yake ya hifadhi: picha ikiwa mbovu ikiwa ndogo na nzima ikiwa kubwa, mshukiwa ameshajulikana, na programu yenyewe haina kosa. Kisha ni kutengeneza akaunti nyingine ya mtumiaji na kuingia humo. Kama picha ni nzima kule, hitilafu imo ndani ya folda ya mtumiaji wa kwanza. Mashine, diski na Windows kwa jumla huondolewa kwenye lawama, na mazungumzo ya formati hayana tena msingi. Hapo ndipo inapokuwa halali kugusa hifadhi: kuisimamisha Explorer, programu ya Windows inayochora eneokazi, kupitia Task Manager, kuyafuta mafaili ya hifadhi ya aikoni, na kuiwasha tena. Hakuna kinachopotea, kwa kuwa kilichofutwa ni nakala, na Windows itakwenda kuzichukua picha upya kwenye asili zake. Ikiwa hata baada ya hapo aikoni moja inabaki nyeupe, basi anwani yake imekufa, na dawa yake ni kuionyesha mashine picha ilipo, au kuirudisha programu iliyoondoka.

Iko pia kasoro ya alama ndogo zinazokaa pembeni mwa aikoni, zile za kuonyesha kwamba faili imeshapelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Windows huheshimu alama 15 tu za namna hiyo, na husoma orodha yake kwa mfuatano wa alfabeti. Kampuni zinazogombea nafasi zimefikia hatua ya kuanza majina yao na nafasi tupu, moja, mbili, hata zaidi, ili watangulie katika orodha. Alama ya programu inayosukumwa nje hutoweka bila onyo. Mwenye mashine hana kosa, na kuipiga Windows upya kutarudisha ugomvi uleule mara programu zile zitakapowekwa tena.

Mpinzani wa tatu ni fundi mwenyewe, naye anasema kwa haki. Uchunguzi huu wote, atasema, unachukua muda, na mteja halipii muda wa kufikiri. Akimwona fundi amekaa na mashine akibadilisha ukubwa wa picha, atadhani hajui kazi. Akiona imepigwa Windows mpya, inang'aa, atatoa pesa bila kubishana. Hii ndiyo sababu ya kweli ya formati kuwa dawa ya kila ugonjwa, nami nakataa kuiita uvivu. Ni bei iliyowekwa mahali pasipofaa: tunalipia kazi inayoonekana na tunataka ile isiyoonekana itolewe bure. Lakini hesabu ya mteja nayo haijakamilika. Formati ya bei ndogo humgharimu mafaili ambayo hayakunakiliwa, programu ambazo diski zake za kusimikia hazipo tena, na data za intaneti za kupakua upya kila kitu katika mji ambao data si rahisi. Duka ambalo fundi wake hutaja bei ya uchunguzi kwanza, na bei ya matengenezo baada ya kujua tatizo, lingemtendea mteja haki na kumlinda fundi pia. Mafundi wa redio na wa pikipiki wengi hufanya hivyo tayari, wala hakuna anayewaona wezi.

Gharama nyingine haimwangukii mteja hata kidogo. Jalala la jiji la Bujumbura liko Buterere, na mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji yako hukohuko. Mtaa mmoja umebebeshwa kinachotupwa na wengi. Mashine iliyohukumiwa kufa kwa sababu ya picha zake hupitia mikono kadhaa kabla ya kufika mwisho: inatolewa kumbukumbu, inatolewa diski, nyaya zinachomwa ili kupata shaba. Kilichobaki kinakwenda jalalani, pamoja na vioo vya skrini za zamani vyenye madini ya risasi, mahali ambapo watu huokota riziki kwa mikono. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 inasema chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Shinikizo la kutupa mashine linaongezeka, maana Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi nzima zimeanza kuitwa za kale. Mtu anaweza kuniambia kwamba kompyuta chache zilizookolewa na kusafishwa hifadhi ya aikoni haziwezi kupunguza mlima huo. Sikatai. Ila kwa duka lenye mashine mbili, kuipoteza moja ni kupoteza nusu ya mtaji, na kwa anayechambua taka Buterere, kila mashine isiyofika jalalani ni moshi ambao hakuuvuta.

Bado iko hali ambayo kufuta kila kitu ni sahihi, na ningekuwa sina uaminifu kama ningeificha. Ikiwa hifadhi imesafishwa, umeme haujakatika, na picha zimeharibika tena baada ya siku mbili tatu, kisha tena, basi huenda diski yenyewe inashindwa kutunza kinachoandikwa juu yake. Hifadhi ya aikoni ni miongoni mwa mafaili yanayosomwa na kuandikwa mara kwa mara, hivyo inaweza kulalamika mapema kuliko barua iliyoandikwa mwaka jana na kusahauliwa. Hapo chkdsk, amri ya kukagua diski, itasema ilichokiona. Lakini kabla hata ya kuiendesha, kazi za mwenye mashine zinakiliwe kwanza kwenye chombo kingine, maana diski inayokufa inaweza kumalizwa na uchunguzi wenyewe. Nakala hizo zifunguliwe moja moja kwenye kompyuta nyingine, mwenyewe akiwepo, azione kwa macho yake kwamba zinafunguka. Baada ya hapo diski ibadilishwe, Windows iwekwe, na kabla ya mashine kurudi mezani itafutiwe kifaa cha akiba ya umeme chenye betri inayofanya kazi, hata kama ni cha dakika tano, kwa sababu dakika tano zinatosha kuifunga kompyuta kwa utaratibu.